Meli Ngapi Leo?

Nilipokuwa na miaka 13, kazi yangu kila nikitoka shule ilikuwa kupanda baiskeli ya shangazi kutoka Makorora mpaka bustani ya Jamhuri, hapo mjini Tanga, kusimama pale ukingoni panapoonekana ghuba na kisiwa cha Toten, na kuhesabu meli zilizotia nanga. Bandari haikunituma, na ndoto za ubaharia sikuwa nazo. Bahari yenyewe hunichefua mpaka leo. Aliyenituma ni shangazi, naye alikuwa muuza mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye minazi.

"Meli ngapi leo?" Hivyo ndivyo alivyonipokea. Marahaba ya shikamoo yangu ilikuja baadaye, akikumbuka.

Hesabu ilikwenda hivi. Kama hakuna meli, anachukua kwa mgema madumu mawili. Meli moja, manne. Mbili, sita. Tatu, manane, na siku hiyo kila mwenye sura inayojulikana anakopeshwa. Zaidi ya tatu sikuwahi kuziona mimi, ingawa wazee pale kilabuni walisema zamani zilikuwa zikingojana kama watu kwenye foleni ya sukari.

Siku hizo meli kubwa ilikuwa haisogei gatini Tanga, maji hayakuwa na kina cha kutosha. Inatia nanga huko nje, matishari, mashua bapa za mizigo, yanaifuata, na makuli wanapakia na kupakua juu ya maji, jua la utosi na chumvi ya mgongoni. Wengi wao walikuwa vibarua. Meli ikiwepo kuna kazi, kukiwa na kazi kuna ujira, na kukiwa na ujira deni la mnazi linalipwa. Kwa hiyo shangazi, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, aliijua bandari kuliko makarani wake. Hakuna aliyemwambia. Alijifunza kwa kudhulumiwa mwaka wa kwanza wa biashara.

Na wale wazee hawakuwa wanaongeza chumvi. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya mkoa huu na kupitia bandari hiyo hiyo. Kisha zikaja kamba za nailoni duniani, bei ikaanguka, mashamba yakaingia magugu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 hata tani 40,000 kwa mwaka zilikuwa hazifiki. Sisi tumezaliwa karamu imekwisha, tukakuta sahani zinaoshwa.

Kilabu chenyewe kilikuwa ua wa nyumba ya vyumba sita. Banda la makuti upande mmoja, mkungu mkubwa upande wa pili, na chini ya mkungu mabenchi manne. Mawili yalikuwa ya mbao za kawaida. Mengine mawili yalikuwa mataruma ya reli, mazito kiasi kwamba hakuna mlevi aliyewahi kuyapindua. Yalifikaje pale ni swali ambalo mtoto mwenye adabu hakuuliza.

Mgema alikuja mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa baiskeli, madumu yamefungwa kulia na kushoto kwa kamba za mkonge. Hakuyafunga kwa vifuniko. Aliziba midomo kwa makumbi ya nazi, maana tembo, yaani huo mnazi, linachemka lenyewe njiani na ukilibana dumu linavimba tumbo kama chura. Ungemsikia kabla hujamwona: lile povu linavyosema *sss* kwenye makumbi, na nyuki wanaomfuata nyuma. Kuna nyuki waliokuja wakiwa hai na kuna waliokuja wamekufa ndani ya dumu, wamekunywa wakazama. Shangazi alichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, nami nilishika ncha mbili za kitambaa. Mwisho wa kuchuja kinabaki kifungu kidogo cha nyuki waliolowa, kinanuka utamu na uchachu kwa pamoja. Kuku wa jirani waliijua saa ya kuchuja vizuri kuliko mimi.

Sote tunajua mgema akisifiwa hufanya nini. Shangazi aliishika methali ile kama sheria ya biashara. Miaka yote sikumsikia akilisifu tembo la mtu yule. Likiwa zuri, limetulia, tamu kwa mbele na kali kwa nyuma, alionja kwenye kata, akatazama pembeni, akasema, "La leo lina nafuu." Mgema alicheka akaenda zake. Nadhani waliheshimiana sana wale.

Kabla sijahamia kwake, madeni aliyaandika ukutani nyuma ya mlango kwa mkaa. Kila mteja na mchoro wake, na mbele ya mchoro vijiti: kopo moja kijiti kimoja, cha tano kinawalalia wenzake. Masika moja paa likavuja. Asubuhi akakuta ukuta mweupe na sakafuni maji meusi. Alikaa juu ya kinu, akatazama lile dimbwi, akaniambia baadaye kwamba alichokuwa akiwaza ni kuwa anaona fedha zake zinaelekea mlangoni zenyewe. Wiki hiyo hiyo akamwomba kaka yake, yaani baba yangu, ampe mtoto anayejua kuandika.

Ndivyo nilivyopewa daftari la kurasa 64, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na masharti.

Sharti la kwanza: jina la mtu haliandikwi. Karatasi ina miguu, alisema, leo ipo hapa kesho ipo kwa mke wake au msikitini au kwa bosi wake. Kwa hiyo niliandika alama. Kofia ya Kijani. Baiskeli Isiyo Kengele. Anayekaa Taruma la Pili. Kikohozi. Mmoja niliandika Mume wa Mwalimu, nikapigwa kofi la kisogoni. "Hilo ni jina!" Nikafuta, nikaandika Viatu Vyeupe, na kwa bahati mbaya akaacha kuvivaa mwezi uliofuata, ikawa ni mimi tu ninayemjua.

Sharti la pili ndilo ambalo ningependa kila mwenye baa alijue: deni linaandikwa kabla mtu hajanywa, na mwenye deni akiona. Akishakaa na kopo la tatu, daftari linafungwa. Mlevi akisimama akasema "wape wote, niandikie mimi", unamwitikia ndiyo, unawamiminia wote robo kopo kwa gharama ya nyumba, na huandiki kitu. Kesho yake ukimwambia alitoa raundi kwa watu 14 atakuchukia wewe, hatajichukia yeye. Na akikuchukia atakwenda kunywea kwingine, deni la kweli litakwenda naye.

La tatu lilikuwa namna ya kudai. Shangazi hakudai mbele ya watu, wala nyumbani kwa mtu. Alikuuliza hali ya mama yako. Ukijibu hajambo, mazungumzo yanakwenda kwingine, bei ya vibua, mvua, msiba wa mtaa wa pili. Halafu kabla hujaondoka anakuuliza tena, taratibu, "Na mama hajambo lakini?" Ukiulizwa mama mara mbili, ujue deni limeiva. Niliwaona wanaume wenye misuli ya kubeba robota zima la mkonge wakitoka pale wamenywea kwa swali hilo. Mmoja ambaye mama yake alikwisha kufa zamani alijibu, "Hajambo, shangazi, Jumamosi nitakuletea."

Sasa nisije nikamfanya mtu afikiri Tanga nzima ilikuwa kilabu cha mnazi. Kulikuwa na ngazi zake.

Ngamiani, katika zile barabara zenye namba badala ya majina, kulikuwa na grosari moja niliyoipenda kabla sijafikia umri wa kuingia. Nilikuwa napelekwa kuchukua bia mbili za wageni wa baba, na chupa mbili tupu mkononi, maana bila chupa tupu huondoki na bia. Bia yenyewe ilikuwa ya mgao. Kreti zikishushwa habari inatangulia, na watu wenye heshima zao wanaonekana wakitembea haraka bila kukimbia. Kama hujawahi kumwona mtu mzima anayetembea haraka huku anajifanya anatembea polepole, umekosa kitu.

Nilichokipenda pale ni ukuta usioonekana. Upande wa kushoto walikaa mashabiki wa Coastal Union, upande wa kulia wa African Sports, timu zetu mbili za mpira, na katikati kaunta, na juu ya kaunta redio. Hakuna kibao kilichoandika hivyo. Mgeni akikaa popote anaulizwa kwa upole, "Mgosi, umekaa hapo kwa kujua au kwa kutojua?" Jibu lolote lilikuwa sawa, shida ni kuhama. Ukishahama umeandikwa msaliti. Betri za redio ile zilikuwa zikianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi siku ya mechi ili zipate nguvu ya dakika 90, na kipindi cha pili kikifika sauti inafifia, watu wote wa pande mbili wanasogeza vichwa kaunta, wamegusana mabega, mahasimu, wanahema pamoja. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa nchi, upande wa kushoto ulihamia barabarani wote. Upande wa kulia walibaki wamekaa. Nakumbuka mzee mmoja wa African Sports aliyemaliza kopo lake, akajifuta mdomo, akasema, "Basi na sisi ni wa Tanga, ati," akatoka nje kucheza ngoma ya jirani yake. Sijawahi kuona mtu akishindwa vizuri namna ile.

Ngazi ya juu zaidi ilikuwa baa za mjini, zenye viti vya chuma na wahudumu wenye sare. Nimekwenda, nimekunywa, sina la kusimulia. Muziki ulikuwa mkubwa, watu walikuwa wadogo.

Baa za leseni zilikuwa na saa zake. Siku za kazi hufungui mpaka saa 10 jioni, sheria ya tangu 1968 hiyo, na kila baa ya Tanga niliyoijua ilikuwa na mlango wa nyuma ambao haujasoma sheria. Shangazi hakuwa na mlango wa nyuma. Wala hakuuza gongo, ingawa ndilo lenye faida na jirani zake wawili waliezekea bati kwa gongo. "Mnazi ukimwangusha mtu, anaamka," alikuwa akisema. Hapo anaishia.

Jambo ambalo wageni wa bara huwa hawalielewi nikiwasimulia ni Ramadhani. Shangazi alikuwa Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisa, na wateja wake wengi walikuwa Waislamu, Wadigo na Wasegeju na Wazigua na Wasambaa. Usiku wa kuvunja jungu, ule wa mwisho kabla ya kuanza kufunga, kilabu kilijaa mpaka watu wanakalia mawe. Shangazi aliagiza madumu bila kuuliza habari ya meli. Ilikuwa siku pekee ya kuuza mnazi ambayo sikutumwa bustanini. Tembo linakwisha saa tatu usiku, watu wanaagana kwa kushikana mikono kama wanaokwenda safari, na mmoja lazima aseme, "Tukijaliwa, shangazi."

Kesho yake ua unafagiwa, makopo yanaoshwa kwa majivu na kupangwa kwenye kapu, kapu linafunikwa. Mwezi mzima. Mgema mwenyewe anafunga. Jioni, mlango ule ule unauza futari: muhogo wa nazi, magimbi, bajia, uji wa pilipili manga. Na wanaokuja kununua ni wale wale. Kofia ya Kijani anakuja na kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Baiskeli Isiyo Kengele anakuja kwa miguu, kanzu imepigwa pasi. Macho yetu yakikutana hakuna anayemjua mwenzake. Mwaka wa kwanza, mimi na utoto wangu, nilimwambia mmoja, "Taruma lako lipo, mzee." Alinyamaza. Shangazi akamwongezea bajia mbili bure, kisha alipoondoka akanivuta sikio mpaka jikoni.

"Yule uliyemwona mwezi jana, umemwona wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Hapa panauzwa futari."

Daftari nalo lilifunga. Ndani ya Ramadhani hakuna mama wa mtu aliyeulizwa hali yake mara mbili. Siku ya nne au ya tano baada ya Idi, mmoja mmoja, wanarudi, na wa kwanza kurudi huwa ndiye mwenye aibu zaidi, anakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni.

Kisha kulikuja mwaka ambao kiwanda kimoja pale mjini kilianza kulipa mishahara kwa ahadi. Sikitaji, kiliajiri baba za rafiki zangu, na aliyekosea nani ni habari ndefu. Mwezi wa kwanza watu walikunywa zaidi, kwa sababu waliamini watalipwa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu daftari langu lilikuwa limefika jedwali la kuzidisha. Nikamwambia shangazi kurasa zimekwisha na meli hakuna, tufanye nini. Nilitarajia aseme tusimkopeshe mtu.

Akanituma nikanunue daftari jingine. Lakini katika lile jipya alibadilisha kitu. Mtu wa kiwandani akija, anapewa kopo moja, na kopo hilo haliandikwi. Kinachoandikwa ni sahani: ugali na dagaa, au muhogo na kibua, ale pale au apeleke nyumbani kwenye bakuli lenye kifuniko. Anayetaka kopo la pili alipe taslimu. Kulikuwa na manung'uniko. Kuna aliyemwambia kilabu kimekuwa hospitali. Lakini nikikumbuka zile kurasa, vijiti virefu vya sahani, sahani, sahani, najua ni nyumba ngapi za mtaa ule zilikula kwa daftari la muuza mnazi. Si wote waliolipa. Kwa hesabu yangu, theluthi moja hawakulipa mpaka leo, na wawili kati yao nilisoma na watoto wao, tunapigiana simu kwenye sikukuu.

Nilidhani kwa kuandika madeni ya watu miaka ile yote nimekwisha kufuzu. Sikufuzu.

Mwaka 1993 kampuni ya bia ya serikali ilipata mbia kutoka Afrika Kusini, na muda si mrefu mgao ukawa hadithi. Kila kona grosari, kila grosari friji, kila friji imejaa. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, kibarua wa kuhesabu mizigo bandarini, kalamu kwenye mfuko wa shati. Mchana nahesabu marobota, tishari kwa tishari, sikosei. Jioni nashindwa kuhesabu chupa zilizo mbele yangu. Mnazi nilianza kuuona wa kishamba. Nilikuwa mtu wa bia baridi, na wa kutoa raundi.

Grosari niliyoizoea ilikopesha bila masharti. Aliyeuza aliandika kwenye ganda la pakiti ya sigara, usiku, baada ya sote kulewa, yeye akiwamo. Ningepaswa kujua, mimi kuliko mtu yeyote pale. Nilijua. Raha ya kusimama na kusema "wape wote, niandikie mimi" ilinishinda, na pale hapakuwa na mtu wa kukuitikia ndiyo halafu asiandike. Ndani ya miezi mitano yale maganda yalikuwa yamefika mshahara wa mwezi na nusu, na baiskeli yangu ilikuwa imekwisha kwenda. Nikaanza kupita barabara ya nyuma. Katika mji tambarare kama Tanga, ambapo kila mtu yumo juu ya baiskeli, kujificha kwa miguu ni kazi ya bure.

Mwenye grosari hakunifuata mimi. Alikwenda kwa shangazi na maganda yake kwenye mfuko wa nailoni. Wauza pombe wanajuana.

Sikuambiwa chochote. Jumapili moja nikaitwa Makorora kula. Nimekaa ukumbini, shangazi akaniletea daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaliweka mapajani mwangu.

"Nisomee hapa, mwanangu, macho yangu hayaoni siku hizi."

Ukurasa haukuwa na herufi hata moja. Juu kulikuwa na mchoro wa kalamu. Alikuwa ameuchora vizuri, kwa kujikaza, na kifuniko chake, na kile kibano cha kubania mfukoni. Chini yake vijiti, vitano vitano, cha tano kikiwalalia wenzake, kama vile vya ukutani ambavyo sikuwahi kuviona ila kwa kusimuliwa. Nilihesabu. 61. Kila kimoja kilisimama kwa shilingi alizoziweka mezani kwa yule mtu ili maganda yachanwe.

"Ni kalamu," nikasema.

"Kalamu ya nani?"

Nikanyamaza. Akaondoka kwenda kupakua wali. Kutoka jikoni akaniuliza kwa sauti, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, shangazi."

Tukala. Wali wa nazi, kisamvu, changu wa kukaanga. Akanisimulia habari za mgema, magoti yanamsumbua, minazi mirefu hapandi tena. Nilipovaa viatu nitoke akasimama mlangoni.

"Na mama hajambo lakini?"

Mama yangu alikuwa chumba cha pili muda wote huo, anamsuka binti wa shangazi nywele. Alisikia. Alikohoa kidogo.

Nililipa kwa miezi 11. Kila nikileta, shangazi alichukua kalamu kutoka mfukoni mwangu mwenyewe, akakata vijiti vya siku hiyo, akanirudishia. Kuhusu pombe hakuniambia neno. Bia sikuacha, ila mpaka leo kopo la kwanza halijafika mdomoni najua nakunywa mangapi na nani analipa, na raundi natoa nikiwa sijanywa. Marafiki wanasema nimekuwa mchumi. Si uchumi.

Alifunga kilabu mwenyewe, hakufungiwa. Minazi ya upande wa mgema ilikatwa ikawa viwanja, na vijana walitaka kitu cha kubeba mfukoni, vile viroba vya plastiki, ambavyo serikali ilikuja kuvipiga marufuku Machi 2017, kilabu kikiwa kimekwisha kufa kitambo. Yale mataruma mawili yalichukuliwa na fundi mmoja, akayageuza vizingiti. Makopo aligawa. Akabaki na futari, akiipika mwaka mzima sasa, bajia na mihogo.

Nikamuuliza madaftari tufanye nini, yapo manane, na bado mna madeni. Akasema karatasi ni karatasi. Akaanza kuchana, kurasa baada ya kurasa, anafungia bajia. Nilikuwapo jioni ambayo mzee mmoja alinunua za mia mbili, akakaa pale pale chini ya mkungu kula, akaikunjua ile karatasi iliyoloa mafuta, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Baiskeli Isiyo Kengele, mwandiko wangu wa utoto, vijiti 23. Alicheka peke yake mpaka akapaliwa. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti na mafuta yake, akanyanyuka bila kusema kitu. Kesho yake alituma mtoto na fedha. Shangazi akapokea, akahesabu, akamrudishia mtoto nusu, eti babu yake alikwisha kulipa nyingine kwa kuni.

Kama kweli zililipwa kwa kuni, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi na sikumbuki kuni yoyote.

Amezikwa kwao, Muheza. Nyumba ya Makorora ina wapangaji, na mbele pana kibanda cha miamala ya simu. Bandari imechimbwa, gati limeongezwa, siku hizi meli kubwa zinaingia na kufunga kamba ukutani kabisa, haziningojei tena kule majini. Hata hivyo nikipita bustani ya Jamhuri huwa naegesha pikipiki. Mke wangu ananiuliza natafuta nini. Juzi moja ilikuwa gatini na mbili nje, zimelala upande wa kisiwa, hakuna upepo.

Tatu. Madumu manane.